Kamera ya plastiki na filamu: mwongozo kamili wa kuanzia, toka kufunga filamu hadi kuchezea mwanga

Utasikia mtu anasema kamera ya plastiki ni ya kubahatisha, we fyatua tu zitakazotoka zimetoka. Mi sikubaliani kabisa. Ile kamera ni rahisi mno, haina betri, haina mita ya mwanga, haijitafutii fokasi, sasa kwa kuwa haina hivyo vyote basi mzigo wote unabaki kwako wewe na jua, na ukishaelewa mambo manne matano hivi utaanza kupata kwa makusudi zile picha ambazo wenzako wanazipata kwa kudra. Kuna vya kuachia bahati, sawa, ila tutavichagua wenyewe.

Hapa naongelea kamera za aina ya Diana na Holga. Diana ilianza kutengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1960, plastiki tupu, ikauzwa bei ya kutupa. Holga ikafuata mwaka 1982, hukohuko Hong Kong, mbunifu wake anaitwa T. M. Lee, na shabaha ilikuwa watu wa kawaida China wapate kamera ya bei ndogo ya filamu ya 120, ile pana ya kuviringwa kwenye spuli. Ilisimama kutengenezwa 2015, ikarudi 2017. Na ukikutana na mtu anayekwambia hayo ni matoi ya watoto, mwambie David Burnett, mpiga picha wa habari, alimfuata Al Gore kwenye kampeni ya urais Marekani mwaka 2000 akiwa na Holga mkononi na picha ikamletea tuzo. Nancy Rexroth naye alizunguka Ohio miaka ya 1970 na Diana yake na kazi ile inaheshimiwa mpaka leo.

Maelezo yangu nitayajenga juu ya Holga 120N, kama una nyingine utarekebisha kidogo tu.

Ijue kabla hujaweka filamu

Usikimbilie filamu. Fungua mgongo wa kamera (unashikwa na vibanio viwili vya chuma vya pembeni, visukume juu) uikague ikiwa tupu. Ndani utakuta lenzi ya milimita 60, kipande kimoja cha plastiki. Ndo maana katikati ya picha panakuwa na ukali wa kutosha halafu ukienda pembeni vitu vinalainika na kona zinaingia giza. Hicho ndicho watu wanakitafuta kwenye hizi kamera, usijaribu kukitibu.

Shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ina mwendo mmoja, karibu 1/100 ya sekunde. Chini ya kamera kuna kiswichi cha N na B. N ni ile ya kawaida, B maana yake shata inabaki wazi muda wote umeibonyeza. Sasa hiki kiswichi kina tabia mbaya, kinateleza chenyewe kikisuguana na begi, unapiga mchana kweupe kwenye B na filamu nzima inaungua. Kibandike tepu kikiwa kwenye N ukimbizane na mambo mengine.

Juu ya lenzi kuna kiswichi kingine cha picha ya jua na wingu, eti kinabadilisha ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga, f/11 na f/8 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo). Kwenye Holga za zamani kile ni pambo tu, hakibadilishi chochote. Kujua yako ikoje ni rahisi: weka B, fungua mgongo, bonyeza shata na uishikilie, chungulia kwa nyuma huku unasogeza jua na wingu. Tundu likibadilika ukubwa, kinafanya kazi. Lisipobadilika, kisahau.

Ukiwa hapohapo fanya na hili jaribio, kwangu ndilo bora kuliko yote. Chukua selotepu ile yenye ukungu, isiyo ng'aavu, ibandike kwenye ile fremu ya ndani mahali filamu inapokaa, B tena, shata wazi, jifunike kichwa na nguo nyeusi huku kamera inaangalia nje kwenye mwanga. Utaona picha kwenye ile tepu, imepinduka miguu juu kichwa chini. Hapo zungusha pete ya fokasi uone kila alama inafanya nini. Alama zenyewe ni nne: mtu mmoja ni kama mita 1, watu watatu mita 2, kundi la watu mita 6, mlima ni mita 10 na kuendelea. Pima na futi kamba kabisa, weka kitu mita 1, uone kama kamera yako inakubaliana na ilichoandikiwa, maana hazifanani, nyingine zinavuta mbele nyingine nyuma. Ukijua ya kwako umeshamaliza nusu ya kazi. Ukimaliza toa ile tepu bila kuacha gundi.

Kama unanunua iliyotumika, haya yote yafanye mbele ya muuzaji usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Sikiliza shata inalia klik ya haraka na sio ya kuvutavuta, angalia vibanio vya pembeni kama vinakaza, angalia kama zile fremu za plastiki za ndani zipo, ya 6x6 na ya 6x4.5 (ndio ukubwa wa picha kwa sentimita).

Jambo la kidirisha cha kulengea: unachokiona pale sicho lenzi inachokiona. Filamu inachukua eneo pana zaidi, kwa hiyo sogea, ukidhani umeshasogea vya kutosha sogea tena. Na kwa kuwa kidirisha kiko juu ya lenzi, ukipiga mtu wa mita 1 inua kamera kidogo usije ukamkata kichwa. Halafu kifuniko cha lenzi... we kiache nyumbani. Hakikuzibi macho, utapiga filamu nzima kikiwa kimefunika na wala hutajua.

Filamu gani, jua gani

Hapa ndo penye utamu wenyewe kwa hiyo tulia.

Kuna kanuni ya zamani sana ya wapiga picha: jua likiwa kali, tundu f/16, mwendo wa shata uwe sawa na namba ya ISO, ile inayoonyesha filamu ni nyepesi kiasi gani kwa mwanga. Filamu ya ISO 100, 1/100 kwa f/16. Sasa kamera yako imeshajichagulia, ni 1/100 na kitu kama f/11, hubadilishi. Maana yake ISO 100 kwenye jua kali inapata mwanga uliozidi kama stopu moja, na stopu moja ni mwanga mara mbili. Hiyo ni safi kabisa kwa filamu ya negativu, ile inayotoka giza na mwanga vimegeuzana. ISO 400 kwenye jua hilohilo imezidishiwa stopu tatu, picha itatoka ila negativu inakuwa nzito. Mawingu yakitanda ISO 400 inazidi stopu moja tu, tamu. Mawingu mazito kabisa ISO 400 inakuwa pale pale panapotakiwa, na ukiingia ndani ya nyumba hakuna kitu, unahitaji flashi au B.

Cha kushika ni hiki: negativu inavumilia mwanga mwingi, haivumilii njaa. Ukiizidishia stopu mbili tatu unapata picha, ukiinyima stopu mbili unapata kivuli cha picha. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi nenda kwenye mwanga. Anza na nyeusi-nyeupe ya ISO 400, Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X, au ya rangi Kodak Portra 400. Filamu za slaidi, zile zinazotoka picha yenyewe badala ya negativu, ziweke pembeni kwanza, zile hazisamehi, kosa la stopu moja tu limeshaonekana.

Kufunga filamu

Fanya kivulini. Filamu ya 120 haina kopo, imeviringwa na karatasi ya nyuma kwenye spuli, inayoilinda na mwanga ni hiyo karatasi tu.

Spuli tupu inakaa upande wa kulia chini ya kirungu cha kuvutia, filamu mpya inakaa kushoto. Vunja ile stika, vuta ulimi wa karatasi upitishe nyuma ya lenzi, uingize kwenye mpasuo wa spuli tupu, zungusha mara mbili tatu mpaka uone imeshika na imenyooka. Sasa kabla ya kufunga, chana kipande cha boksi la filamu, kikunje, ukichomeke chini ya spuli ya kushoto ili iwe inakwama kidogo inapozunguka. Usiruke hii. Spuli ya kushoto ikiwa huru, filamu inajiviringa kulia ikiwa legevu, imenenepa, na siku unaitoa mwanga unaingilia kwenye kingo zake zote mbili. Unataka ikaze kama sigara.

Angalia pia kidirisha chekundu cha mgongoni, kuna kishale kinachoenda 12 au 16. Ukiwa na fremu ya 6x6 weka 12, ukiwa na 6x4.5 weka 16. Ukichanganya hapo picha zitapandana au utapoteza filamu bure. Mi nakushauri 6x6, zile kona nyeusi zinaonekana vizuri zaidi.

Funga mgongo, sukuma vibanio chini, zungusha kirungu polepole huku unaangalia kidirisha mpaka uone 1. Kuna alama zinatangulia kabla ya namba, ukiziona punguza mwendo, kwa sababu ukipitiliza hairudi nyuma.

Halafu tepu. Tepu nyeusi ya mafundi umeme, pitisha kwenye maungio yote ya mgongo, na juu ya vibanio kwa sababu vile huchomoka ukivaa kamera shingoni. Kidirisha chekundu kiwekee kipande cha kufungua na kufunga, unafungua kivulini unapovuta filamu tu. Najua kuna watu wanataka mwanga uvuje, wanapenda ile michirizi myekundu. Sawa, lakini kwanza uweze kuuzuia ndo uje uuruhusu: toa tepu upande mmoja tu, uone mchirizi unatua wapi kwenye picha, filamu inayofuata upande mwingine. Hapo mchirizi unakuwa wako.

Filamu ya kwanza ni ya kupima

Una picha 12. Usitafute uzuri kwenye hizi, beba daftari. Piga mtu mmoja kwa mita 1, mita 2, mita 6, kila mara na alama yake. Piga hichohicho kitu jua likiwa nyuma yako, likiwa ubavuni, likiwa mbele yako. Piga kivulini. Piga moja ukiielekeza kamera karibu na jua uone lenzi ya plastiki inavyomwaga ukungu. Kila picha andika namba, alama ya fokasi, mwanga ulikuwaje, saa ngapi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha viwili hutajua kipi kilileta nini.

Na jiwekee desturi ya kuvuta filamu, kwa sababu shata na kirungu havijuani, unaweza ukafyatua hata mara kumi kwenye fremu ileile na kamera isikukataze. Ama uvute kila ukishapiga, ama uvute kila unapotaka kupiga, chagua moja ufe nayo. Mi navuta hapohapo nikishapiga, kwa hiyo nikiikuta kamera kwenye begi najua iko tayari.

Ikifika 12 endelea kuzungusha mpaka karatasi ipotee kabisa kwenye kidirisha, fungua kivulini, kaza ile filamu kwa vidole, lamba stika, bandika.

Picha mbili kwenye fremu moja

Ile kasoro ya shata kutojuana na kirungu ndo sasa inageuka mtaji. Wengi wanajaribu kwa kupiga chochote juu ya chochote wanapata uji wa kijivu. Sababu ni kwamba mwanga unajumlishwa. Mahali ambapo picha ya kwanza imeshajaa mweupe, picha ya pili haina pa kuandika. Mahali palipobaki giza ndipo picha ya pili inapoingia.

Kwa hiyo picha ya kwanza itafutie giza. Msimamishe mtu mbele ya anga jeupe, jua liwe nyuma yake, awe kivuli cheusi kitupu. Fyatua. Usivute filamu. Geuka utafute majani, au ukuta wenye nyufa, au maji yenye mawimbi, kitu kilichojaa fremu nzima na kimemulikwa vizuri, fyatua tena. Ikisafishwa utaona majani yamejaa ndani ya mwili wa yule mtu tu, na anga limebaki jeupe. Majani mapana na mwanga wa ubavuni huwa yanatoa mwili wenye mishipa kabisa, manyasi madogomadogo yanatoa kitu kama sufi.

Kuhusu kiasi cha mwanga: kufyatua mara mbili ni kuongeza stopu moja, mara nne ni stopu mbili. Kwa hiyo ukitaka kuchezea mambo haya juani tumia ISO 100, Ilford FP4 Plus ya 125 pia iko vizuri. Ukiwa na 400 subiri mawingu. Njia nyingine ninayoipenda ni kuzungusha kamera: piga mti wima, pindua kamera chini juu, piga tena, unapata mti wenye matawi kotekote. Au simama palepale, piga mara nne kitu kilekile huku umesogea hatua nusu kila mara, mistari inatetemeka kama michoro ya penseli.

Picha ndefu ya kupandana

Kirungu kinalia klik klik kinapozunguka. Hesabu klik kati ya namba 1 na 2, ziandike. Sasa ukitaka mandhari ndefu isiyo na mipaka, piga, vuta kama robo tatu ya zile klik, geuka kidogo kulia, piga, vuta tena, endelea. Anzia kushoto kwenda kulia, ndivyo picha zitakavyopangana kwenye filamu. Kingo zinapandana na haziungui sana kwa sababu lenzi hii inazipa kingo mwanga kidogo, ule udhaifu wake unakusaidia. Ukitoa fremu ya plastiki ya ndani maungio yanakuwa laini zaidi. Ila kadiri filamu inavyojaa kulia spuli inanenepa, kila klik inavuta filamu zaidi, kwa hiyo ukielekea mwisho punguza klik.

Usiku na B

Toa ile tepu ya chini, weka B, kamera iwe kwenye stendi au juu ya kitu kigumu. Kile kitufe cha shata ni cha kushusha kwa kidole na kinatikisa kamera, dawa yake ni kadi nyeusi: ziba lenzi na kadi bila kuigusa, bonyeza shata uishikilie, subiri itulie, ondoa kadi, hesabu, rudisha kadi, ndo uachie. Kwa mtaa wenye taa na ISO 400 jaribu sekunde 2, halafu 5, halafu 10, picha tatu za kitu kimoja. Magari yakipita yanaacha nyuzi za taa. Ukiwa na flashi ndogo unaweza ukaacha shata wazi gizani, ukamzunguka mtu na kumulika mara tatu, kila mara flashi imefunikwa plastiki ya rangi tofauti. Ukimaliza rudisha N na tepu yake, sasahivi, kabla hujafanya kingine.

Filamu ya milimita 35 ndani ya Holga

Hii nayo inanoga, picha inamwagika mpaka kwenye matundu ya kingoni. Weka kopo la filamu kushoto, lishikilie katikati kwa vipande vya sponji juu na chini, ncha ya filamu ibandike kwa tepu kwenye spuli tupu ya 120. Kidirisha chekundu kizibe kabisa, hii haina karatasi ya nyuma. Namba hakuna kwa hiyo ni klik tu, na za kuanzia zipime kwa karatasi ya filamu ya zamani uliyoichora alama kila sentimita 6. Ikiisha usifungue! Nenda kwenye giza totoro au begi la kubadilishia filamu, fungua, uirudishe kwa mkono ndani ya kopo.

Kusafisha

Ya rangi peleka kwa wanaosafisha C-41, njia ya dawa ya negativu za rangi, ile dawa inataka nyuzi 38 na kiwango chake hakichezewi, kwa kuanzia usijitese nyumbani. Kama baadaye utajaribu slaidi, waweza kuomba isafishwe kwa C-41 badala ya E-6, njia yake ya kawaida, rangi zinahama na ukinzani wa mwanga na giza unapanda, lakini sema mapema, wasidhani umekosea.

Nyeusi-nyeupe jisafishie. Unahitaji tanki, kipimajoto, na begi jeusi la kuingizia filamu kwenye tanki (zoea kwanza kuiviringisha kwenye rili, kile kigurudumu cha ndani ya tanki, na filamu iliyoharibika, macho wazi, halafu macho umefumba). HP5 iliyopigwa kama 400 kwenye dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Pindua tanki mara nne kwenye sekunde 10 za kwanza, rudia hivyo kila dakika inapoanza. Mwaga, suuza kwa maji au asidi ya kusimamisha, weka fiksa ya haraka (dawa ya kufanya picha isibadilike tena ikipata mwanga), sehemu 1 kwa 4 za maji, dakika 3 hadi 5. Kuosha huhitaji bomba kumwagika muda mrefu: jaza maji pindua mara 5, mwaga, jaza pindua 10, mwaga, jaza pindua 20. Tone la dawa ya kulainisha maji, ning'iniza mahali pasipo vumbi, kibanio kimoja juu kimoja chini.

Wakikuskania watu wengine waandikie kwenye karatasi iambatane na filamu: msikate, picha zimepandana, skanini ukanda mzima, kona nyeusi msizisahihishe. Mashine zao zinatafuta mpaka kati ya fremu na fremu, zisipouona zinakata popote, na mkasi nao unafuata hapohapo.